Ulimi wa nyuma ya bledi: namna ya kuuseti usikurushie mbao

Kwanza chomoa waya wa mashine ya meza, ile ya kupasulia mbao, kwenye soketi. Sio kuzima swichi tu, chomoa kabisa na plagi uiweke mezani unapoiona, maana karakana ina watu na kuna siku dogo atawasha akijua umeshamaliza.

Haya. Nyuma ya bledi, yaani msumeno wa duara wa mashine ya meza, kuna kibati cha chuma kinasimama, mimi nakiita ulimi, na mafundi wengi wakinunua mashine kitu cha kwanza wanakifungua wanakitupia kwenye boksi la spana eti kinagotesha mbao. Kikigotesha ujue hakijasetiwa. Kazi yake ni kuuacha mpasuo wazi, kwa sababu kuna mbao, mkaratusi hasa, ukiipasua inajibana yenyewe huko nyuma, na meno ya nyuma yanakuwa yanapanda juu, yakiidaka tu inanyanyuka inakufuata wewe. Bledi ya inchi 10 ikizunguka mara 4000 kwa dakika meno yanakimbia kama kilomita 190 kwa saa. Mimi kipande kilinipata chini ya kitovu, wiki mbili viatu nafungiwa na mke wangu.

Anza na bledi yenyewe. Ipandishe yote, chagua jino moja ulitie maka peni, pima kwa skwea kutoka kwenye mfereji wa meza, ule uliochongwa juu ya meza kando ya bledi, hadi jino hilo likiwa mbele, kisha zungusha kwa mkono lile lile liende nyuma, upime tena. Ukipima jino lingine unajidanganya, bledi yenyewe inaweza kuwa imepinda kidogo. Vipimo vikitofautiana legeza boliti za chini ya meza, gonga taratibu kwa nyundo ya mbao, kaza, pima tena. Hapa usiwe na haraka.

Sasa unene. Chukua venia, kile kipimo cha taya cha kupimia unene, upime mwili wa bledi, halafu upana wa meno. Ulimi unatakiwa uwe mnene kuliko mwili ila mwembamba kuliko meno, mfano mwili mm 2.2 na meno mm 3.2, basi ulimi wa 2.5 uko poa. Ukifunga bledi nyembamba ya meno mm 2.4 ukaacha ulimi ule ule, hapo ndio mbao inagota na watu wanaanza kuutukana.

Kuunyoosha: laza rula ya chuma iguse jino la mbele na la nyuma, iendelee mpaka kwenye ulimi. Kwa vipimo vya mfano ule wa kwanza, kati ya rula na ulimi itabaki nafasi ya kama karatasi 3 za daftari, na upande wa pili iwe hivyo hivyo. Angalia chini na juu pia, ulimi unaweza kuwa umelala. Ukiegemea upande, mimi nakata vibati kwenye kopo la soda navichomeka nyuma ya shikizo lake. Kati ya ulimi na meno acha mm 3 hadi 8, yaani penseli ipite kwa shida, na kichwa chake kiwe chini kidogo ya jino la juu.

Fensi, ule ukingo mbao inaoegemea ukipasua, iende sambamba na bledi, ikishindikana nyuma iachie unywele, isibane kamwe. Kava irudishe, zungusha bledi kwa mkono raundi nzima usikie kama kuna kinachokwaruza, ndio uchomeke umeme.

Jaribu na paini ya mita moja, pasua nusu, zima, subiri isimame kabisa, angalia ulimi umeng'aa upande gani. Huko ndiko unakoegemea.

Wenye mashine za kienyeji zilizoundwa kwa kuchomelea engo aini, ulimi kata kwenye pleti ya unene unaoendana na bledi yako, mfano mm 2.5, ufunge kwenye fremu iliyobeba shafti ili upande na kushuka na bledi, na usiuchomelee moja kwa moja, toboa matundu marefu ufunge kwa boliti, maana siku ukibadilisha bledi utauseti upya.