Namna ya kupata mandharinyuma ya bluu iliyokolea kwa taa mbili za studio

Juma lililopita nilimsaidia kijana anayepiga picha za mahafali katika chumba chenye urefu wa mita 5. Wateja wake walitaka mandharinyuma ya bluu iliyokolea, lakini kila alipopiga, bluu ilitoka imechujuka kama kanga iliyofuliwa miaka mingi. Alikuwa amekwisha kununua jeli ya pili (karatasi ya plastiki yenye rangi inayowekwa mbele ya taa) akidhani ya kwanza ni hafifu. Jeli haikuwa na kosa lolote. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza mchana mzima kwa kuilaumu jeli bure.

Hatua ya 1: Vifaa

Andaa flashi mbili za studio, softiboksi (sanduku la kitambaa linalolainisha mwanga) yenye gridi ya kitambaa ya kuzuia mwanga usisambae kwa taa ya uso, kikombe cha kawaida cha chuma cha kuelekeza mwanga kwa taa ya nyuma, na karatasi ya nyuma ya kijivu. Mwavuli siutumii kwa kazi hii, kwa sababu humwaga mwanga kila upande. Jeli zinunuliwe zile zinazotengenezwa kwa ajili ya taa, kama za Lee au Rosco, kwani karatasi za kufungia zawadi hujikunja zikipata joto. Usianze na Lee 181, ile iitwayo Congo Blue: rangi yake inavutia sana, lakini hupitisha mwanga kidogo mno na flashi ndogo hushindwa nayo.

Hatua ya 2: Kamera

ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, kasi ya shata sekunde 1/125, tundu la lenzi f/8, na mizania ya rangi (white balance) iwekwe kwa mkono kwenye 5500K.

Hatua ya 3: Kufunga jeli

Zima ile balbu inayowaka muda wote ndani ya flashi, maana ndiyo inayoyeyusha jeli. Kisha ibane jeli mbele ya kikombe kwa vibanio vya nguo vya mbao, ukihakikisha hakuna mwanya unaopitisha mwanga mweupe.

Hatua ya 4: Kuilinda karatasi ya nyuma dhidi ya mwanga mweupe

Taa ya nyuma ikiwa bado imezimwa, piga picha kwa taa ya uso peke yake, kisha itazame karatasi ya nyuma. Inapaswa kuonekana karibu nyeusi. Ikionekana kijivu, basi mwanga mweupe wa taa ya uso umekwisha kuifikia, na bluu yoyote utakayoiongeza itachanganyika na weupe huo, hata ukibadilisha jeli mara kumi.

Kijana wangu alimkalisha mteja nusu mita kutoka kwenye karatasi na kuiweka taa ya uso mita 2 mbele ya mteja. Kwa kuwa mwanga hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali, karatasi yake ilikuwa ikipokea takriban asilimia 64 ya mwanga uliofika usoni. Tuliisogeza taa hadi mita 1 kutoka usoni, tukamsogeza mteja hadi mita 3 kutoka kwenye karatasi, na sehemu hiyo ikashuka hadi kama moja ya kumi na sita. Haya ni makadirio, maana softiboksi ina upana na haifuati kanuni hiyo barabara kwa umbali mdogo. Kumbuka pia kupunguza nguvu ya taa uliyoisogeza, la sivyo uso utatoka mweupe kupita kiasi pichani.

Hata hivyo karatasi haikuwa nyeusi. Tulihangaika na gridi, tukaigeuza softiboksi pembeni kidogo, mpaka nilipoona kwamba kuta zilikuwa nyeupe na ndizo zilizokuwa zikirudisha mwanga. Shuka mbili nyeusi zilizotundikwa ubavuni zilimaliza tatizo. Katika chumba kidogo, ningenunua shuka hizo kabla ya taa ya pili.

Hatua ya 5: Taa ya nyuma

Iweke sakafuni nyuma ya mteja, ielekee karatasi, na uanze na nguvu ya chini kabisa. Wengi huongeza nguvu wakitarajia rangi ikolee, kumbe ikizidi, rangi hupauka kuelekea weupe. Panda nusu stopu kila mara (stopu moja ni kuongeza mwanga mara mbili), na usimame bluu inapoanza kung'aa. Kwa yule kijana ilikuwa 1/16 ya nguvu kamili ya taa, kwa jeli ileile ya kwanza. Ya pili bado iko ndani ya bahasha yake.