Kiwango cha tangi kikiyumba: mambo ya kuzingatia kabla hujagusa geini

Katika viwanda vya Changamwe, kiwango cha tangi kikianza kupanda na kushuka, fundi hukimbilia geini ya kidhibiti, yaani ukali wa kidhibiti katika kujibu kosa. Asikimbilie. Mfumo usio wa mstari, yaani ambao jibu lake haliendi sawia na msukumo, unaweza kujizalishia mzunguko kikomo, yaani mtikisiko unaojiendesha wenyewe na kurudi kwenye ukubwa ule ule hata ukiusukuma kidogo. Ukipunguza geini, mara nyingi utaishia kurefusha muda wa kila mzunguko tu.

Chanzo ndicho cha kutafutwa kwanza. Mwarifu mwendeshaji wa zamu, toa kidhibiti kwenye otomatiki, amri ya vali ibaki palepale. Mtikisiko ukifa, umezaliwa ndani ya kitanzi, yaani njia ya kipimo, kidhibiti na vali. Ukiendelea, unaletwa na kitu kingine, na hesabu zako za uthabiti ni kazi bure.

Kabla ya kurudisha otomatiki, pandisha amri kwa asilimia 0.5 kila mara huku ukiangalia mtiririko. Usiposogea, usiposogea tena, halafu ukaruka ghafla, vali inanata. Pwani hii chumvi hula shina la vali, na pakini (kiziba cha kuzuia uvujaji kwenye shina) iliyokazwa kupita kiasi huongeza ubishi. Kidhibiti cha PI, kinachojibu kosa la sasa na limbikizo lake, hakina habari: kinazidi kulimbikiza kosa mpaka vali ijinasue na kupitiliza, kisha mambo yanaanza upya upande wa pili. Kwenye kitanzi cha mtiririko, amri huchora pembetatu na mtiririko huchora kitu kama miraba. Kompyuta ikihifadhi nukta chache kwa kila mzunguko, umbo hilo halitaonekana, kwa hiyo ongeza kasi ya kurekodi mapema.

Penye rilei, yaani swichi inayoruka kati ya thamani mbili, hesabu ni nyepesi. Rilei inayotoa ±d, ikipokea wimbi la ukubwa A (kutoka katikati hadi kilele), huhesabiwa kama geini ya 4d/(πA). Ikiwa d ni 5 na A ni 2, unapata kama 3.2. Wataalamu wa udhibiti Åström na Hägglund waliitumia hesabu hii mwaka 1984 kurekebisha vidhibiti vya PID, yaani PI iliyoongezewa jibu kwa kasi ya kosa kubadilika. Ila ina sharti: mchakato uwe unachuja mawimbi ya kasi, la sivyo jibu litakupotosha.

Jaribio dogo nalo lisikuridhishe. Ipo mizunguko kikomo isiyo thabiti: msukosuko mdogo hutulia, mkubwa ukaondoka moja kwa moja. Jaribu misukumo mikubwa kwenye modeli ya kompyuta, si kwenye tangi lenye mafuta, na modeli hiyo iwekewe mipaka ya vali. Nimeona modeli ikifungua vali asilimia 130.