Kabla hujabadilisha springi na bushi za Mustang ya zamani

Jeki si stendi, yaani vile vyuma vya kulishikilia gari likishainuliwa. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Piga picha kila upande kabla ya kufungua chochote. Kwenye Mustang za 1965 na 1966, kati ya mkono wa juu (chuma kinachoshika gurudumu na kuliruhusu lipande na kushuka; wa chini nao upo) na bodi kuna vibati vyembamba vinavyoamua tairi lilalie wapi. Vihesabu kwa kila bolti, uviandike.

Springi ya mbele imekaa juu ya mkono wa juu, ndani ya mnara wa bati ulio kando ya injini. Tafuta kibanio kinachopita ndani ya springi, na ukishaibana usiweke uso mbele yake. Ikitoka, kagua mnara kama una kutu au nyufa. Bushi mpya, yaani vile vipande vya maungio ya mikono, kwenye bati bovu ni hela imetupwa.

Sasa nisikilize vizuri, maana rafiki yangu hapa Ohio aliumia kwa hili. Alifunga bushi mpya za mpira kwenye mikono ya chini, akakaza kila nati gari likiwa juu ya stendi, magurudumu yananing'inia. Aliposhusha, mbele palibaki juu. Akadhani springi ni ndefu, akazikata. Miezi michache baadaye mpira ulikuwa umechanika, kila akikanyaga breki panagonga, na gari limelala chini kwa sababu ya zile springi alizokata bure.

Bushi hizi hazizunguki kama beringi. Ukikaza nati, bomba la chuma la ndani linashikwa, na mkono ukipanda au kushuka ni mpira unaojisokota. Ukikaza mkono ukiwa umening'inia, gari likitua mpira unabaki umesokotwa hata likiwa limeegeshwa. Kwa hiyo nati zishike kidogo tu kwanza. Funga magurudumu, shusha gari, litikise mpaka litulie, ndipo ukaze kwa kipimo cha kitabu cha kiwanda. Jicho la mbele (tundu la bolti) la springi za nyuma, zile za bapa, nalo ni hivyo hivyo.

Kotapini, zile pini zinazozuia nati isifunguke, ziwe mpya, usinyooshe za zamani. Alaimenti (kupanga magurudumu yakae sawa) ni lazima, na mwambie fundi kama umefunga tairi za radial, za muundo wa kisasa, kwa sababu vipimo vya kiwanda vya wakati ule havikuwa vya tairi hizo. Anza na barabara za mtaani, taratibu, kisha zipitie nati zote tena. Mipira ya breki pia iangalie, isije ikawa imesokotwa.