SOMO: Kitenzi cha Kilatini TOLLO, pamoja na sustuli na sublatum zinazowasumbua wengi

Swali la "qui tollis maana yake nini", lile la wimbo wa Misa Agnus Dei (Mwanakondoo wa Mungu), limeshajibiwa humu mara nyingi mno, na kila mara linafuatwa na "sasa hii sublatum imetoka wapi?" Naweka yote mahali pamoja. Someni mpaka mwisho kabla ya kuuliza.

Hatua ya 1. Kariri kwa pumzi moja sehemu kuu nne (wakati uliopo, kitenzi-jina, wakati uliotimilika, na umbo linalotumika kwenye kauli ya kutendwa): tollo, tollere, sustuli, sublatum.

Hatua ya 2: Maana. Msingi ni kuinua kitu kutoka kilipo. Kikishainuliwa hubebwa, na kikibebwa hakipo tena pale. Kwa hiyo tollo ni kuinua, kuchukua, kuondoa, hata kuangamiza. Ndiyo sababu kwenye Misa tunasema "uondoaye dhambi", ilhali Biblia ya Union, Yohana 1:29, inasema "aichukuaye dhambi". Hakuna aliyekosea; kila mmoja ameshika upande mmoja wa kitenzi kilekile.

Hatua ya 3: Wakati uliopo (kundi la tatu la vitenzi vya Kilatini). Tollo, tollis, tollit, tollimus, tollitis, tollunt. Kuamuru: tolle kwa mmoja, tollite kwa wengi. Angalia irabu: tollit ni "anaondoa", tollet ni "ataondoa".

Hatua ya 4: Sustuli na sublatum. Hapa niliwahi kukosea vibaya, kwa hiyo twende polepole. Wakati uliotimilika haujengwi kwa kuongeza kitu kwenye toll-. Hakuna "tolli", hakuna "tollsi". Shina ni sustul-: sustuli, sustulisti, sustulit, sustulimus, sustulistis, sustulerunt. Kauli ya kutendwa hutumia sublatus: sublatus est, "ameondolewa".

Onyo la kwanza: suffero, "kustahimili", nayo huandikwa suffero, sufferre, sustuli, sublatum. Umbo pekee halikuambii ni kipi. Tazama kinachotendwa: ikiwa ni maumivu au adhabu, fikiria suffero; ikiwa ni nanga, mikono au kelele, ni tollo. Onyo la pili: sub- ya sublatum isikuvute ukatafsiri "chini". Hapa inabeba maana ya kutoka chini kwenda juu.

Hatua ya 5: Matamshi. Kiswahili kinatuzoesha kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na hapo ndipo kwaya zinapoteleza. Sema TOL-le-re, SUS-tu-li, lakini sub-LA-tum. Zile l mbili zishikilie zote mbili: tol-lis.

MASWALI

Mgeni_07: Naomba maumbo yote ya wakati uliopo, haraka, kesho nina mtihani.
Jibu: Hatua ya 3.

Mgeni_07: Nimeona, ila kauli ya kutendwa haipo.
Jibu: Hilo ni kweli. Tollor, tolleris, tollitur, tollimur, tollimini, tolluntur.

SautiYaPili: Kwaya yetu inabishana. Ni qui tollis au qui tollit?
Jibu: Inategemea unamsema nani. Kwenye Agnus Dei unamwambia yeye mwenyewe, kwa hiyo tollis: "u-ondoa-ye". Kwenye Yohana 1:29 Yohana anamwonyesha kwa wengine, kwa hiyo tollit: "a-ichukua-ye". Kiambishi chako cha nafsi kinafanya kazi ileile ya -s na -t. Anayejua Kiswahili vizuri hana haja ya kubahatisha hapa.

MtuWaPwani: Tollo si ndiyo "toa" yetu? Mbona dhahiri!
Jibu: Hapana. "Toa" ni ya Kibantu, ndugu yake ni "toka". Sauti mbili kufanana hakuleti undugu.

MtuWaPwani: Lakini maana pia zinakaribiana.
Jibu: Bado hapana. Undugu wa maneno huonekana kwa sauti zinazolingana katika maneno mengi, si katika moja.

Mdadisi: Kama shina ni toll-, sustuli ilitoka wapi hasa?
Jibu: Swali zuri sana. Kuna mzizi wa kale wenye maana ya kuinua na kubeba. Wakati uliopo wake uliongezewa n, ikawa kama tolno, kisha ln ikageuka ll. Wakati uliotimilika wake ulikuwa tetuli, baadaye tuli. Lakini fero, "kubeba", haikuwa na umbo lake la wakati huo, ikaichukua tuli pamoja na latum, ambayo awali ilianza na tl-. Tollo ikabaki mikono mitupu, ikajipatia zilezile zikiwa na kiambishi mbele: sus-tuli, sub-latum. Mzizi huohuo ulizaa tolerare, "kuvumilia", na kwa Kigiriki talanton, uzito wa mizani. Ndiyo "talanta" yetu.

Mdadisi: Ahsante! Nipe mifano ya kufanyia mazoezi.
Jibu: Julius Caesar, kitabu cha 4 cha vita vya Galia, akivuka kwenda Uingereza mwaka 55 KK: sublatis ancoris, "nanga zilipong'olewa". Yohana 5:8: tolle grabatum tuum, "jitwike godoro lako". Kisha huu mtamu: mwaka 43 KK jemadari wa Roma Decimus Brutus alimwandikia Cicero, mwanasiasa na msemaji mashuhuri, kwamba Octavianus, kijana mrithi wa Caesar, amezipata habari za maneno ya Cicero mwenyewe, kuwa kijana huyo ni laudandum, ornandum, tollendum. Asifiwe, apambwe, na… ainuliwe au aondolewe? Neno moja linasema yote mawili.

SautiYaPili: Na extollo?
Jibu: Kuinua juu, kusifu. Ukikutana nayo au attollo, usitafute sehemu ya tatu na ya nne, hazina zake.