Picha za baleti: bonyeza kabla hujauona mruko

Ukiitwa kupiga picha za matangazo ya kundi la baleti, usitegemee kupiga mfululizo ili uokote moja baadaye. Mruko una kilele, kipande kidogo cha sekunde ambapo mwili ni kama umetundikwa hewani, na ukisubiri mpaka ukione umeshachelewa. Mwombe mchezaji ahesabu kwa sauti, ifuate hesabu yake, ubonyeze anapokaribia juu. Spidi ya shata (muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga) iwe 1/1000 ya sekunde au ya kasi zaidi ya hapo. Kamera ishushe hadi usawa wa magoti; mruko utaonekana wa juu zaidi.

Kisha, na hili naliweka mbele ya taa na lenzi zote: kaa na mwalimu wao, mzitazame picha pamoja palepale. Wewe utapenda uso na mwanga. Yeye ataangalia mguu. Kifundo kikipinda kwa ndani kidogo tu, mstari wa kutoka gotini hadi ncha ya kidole umekatika, na mchezaji hatataka picha hiyo ibandikwe popote.

Na jamani, msiwarukishe kwenye sakafu ya zege. Wapashe miili moto kwanza, mruko uleule usizidi mara tano au sita, halafu wapumzike.