Kabla hujanunua taa ya kwanza ya kupigia picha za watu

Vijana wanaoanza huwa wananiuliza "kaka ninunue taa gani?" na mimi nawauliza kwanza, chumba unachopigia kikoje na kuta zake zina rangi gani? Maana hapo ndo pa kuanzia. Chumba cha kupanga cha futi kumi kwa kumi, dari iko chini, ukuta kijani, ukifungua mwavuli mweupe wa kusambazia mwanga wa taa humo ndani mwanga unasambaa kila kona, unagonga ukuta na kumrudia mtu ukiwa umebeba rangi yake, unakuta shavu moja la kawaida lingine limekuwa la kijani na kulirekebisha kwenye kompyuta ni kazi ya usiku kucha. Kama chumba chako ndo hicho achana na mwavuli, tafuta softiboksi, yaani boksi la kitambaa linalofungwa mbele ya taa kulainisha mwanga, yenye ile nyavu nyeusi ya mbele wanaiita gridi, mwanga unaenda unapoutaka tu. Ukiwa na ukuta mweupe una bahati, mwavuli wa bei ya chini utakutosha.

La pili ni kamera yako yenyewe. Nina uchungu na hili. Mimi nilianza na Canon 4000D, nikajichanga nikanunua flashi na triga ya kawaida (kile kidude kinachokaa juu ya kamera na kuiwasha flashi ikiwa mbali), siku ya send-off ya dada yangu navalisha juu ya kamera, nabonyeza, kimya. Kumbe 4000D, na 2000D na 250D pia, hazina ile pini ya katikati pale juu flashi inapovalishwa, kwa hiyo triga za kawaida haziwezi kuwasha flashi. Inabidi triga au flashi iliyotengenezwa kwa ajili ya Canon na inayozikubali kamera hizo. Kwa hiyo nenda dukani na kamera yako, ivalishe, piga hata mara kumi palepale, ikiwaka ndo utoe hela.

Sasa flashi au LED? LED ni rahisi kujifunzia sababu kivuli unakiona kwa macho kabla hujapiga, ila zile ndogo zikishapita kwenye kitambaa cha softiboksi mwanga unaobaki ni kidogo, utapandisha ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) utashusha kasi ya shata mpaka 1/60 ya sekunde, mtoto akigeuka tu picha imeharibika. Ukiamua LED angalia wameandika CRI (kipimo cha taa kuonyesha rangi kwa uhalisia) 95 au zaidi, chini sana ya hapo rangi ya ngozi inakuwa haieleweki. Kwa anayezunguka majumbani kwa wateja mimi nasema flashi. Godox TT600 kwa mfano inatumia betri nne za AA, risiva ya kupokea ishara ya triga iko humohumo ndani, umeme ukikatika au luku ikiisha unaendelea na kazi. Kumbuka tu kutopitisha kasi ya shata 1/200 hivi kwenye kamera nyingi, ukizidisha unaona mstari mweusi umekata picha.

Ila kitu ambacho natamani kila mtu akielewe kabla ya kutoa hata shilingi ni ukubwa wa taa na umbali wake. Watu wanauliza wati, wati, wakati kinacholainisha uso ni upana wa kile kinachotoa mwanga ukilinganisha na mtu alipo. Ngozi zetu nyeusi zinang'aa vizuri mno zikipata mwanga mpana, ila flashi tupu usoni inaweka kidoa cheupe kwenye paji la uso na puani kama mtu ametoka kukimbia. Chukua softiboksi ya sentimita 90, isogeze mpaka mtu akinyoosha mkono anakaribia kuigusa, kwa pembeni na juu kidogo ya macho, halafu mwangalie ndani ya mboni, utaona kidirisha cheupe kimekaa pale na kivuli cha pua kinayeyuka taratibu kwenda shavuni. Hiyohiyo ukiirudisha mita tatu inakuwa kama taa ndogo, vivuli vinakuwa vikali. Na ukiitoa mita moja kwenda mbili mwanga unabaki robo, sio nusu. Kwa hiyo taa moja iliyo karibu inatosha kabisa kuanzia, upande wa pili shikisha mtu shuka jeupe au foam nyeupe ya kwenye katoni la tivii irudishe mwanga kwenye kivuli.

Usiiachie kamera iamue mwangaza yenyewe. Mtu mweusi aliyevaa suti nyeusi, kamera inadhani kuna giza inaongeza mwanga, unampata mtu ambaye mama yake hamjui.

Bado hela haijatimia? Dirisha lenye pazia jeupe jepesi linakufundisha yote hayo bure, mkalishe mdogo wako pembeni yake asubuhi kila siku.

Na kwenye bajeti stendi isiwe ya mwisho. Zile nyembamba sana zikibeba softiboksi, feni ikiwashwa tu zinayumba, na chini amekaa mtoto wa mtu. Jaza kiroba mchanga kilo tano hivi, kining'inize kwenye mguu ulio upande wa softiboksi.