Plateleti ziko sawa? Pima na mafuta

Nafanya kazi maabara hapa Mwanza, na jibu linalowaridhisha watu mapema mno ni hili: plateleti (chembe za damu zinazogandisha damu kwenye jeraha) ziko sawa. FBP, kile kipimo cha jumla cha damu, huzihesabu tu. Kwa mtu mzima kawaida ni 150,000 hadi 450,000 kwa kila mikrolita. Haisemi zinanatana kwa wepesi gani, na hapo ndipo mafuta yanapoingia. LDL, ile kolesteroli mbaya, ikizidi, plateleti huwa nyepesi kuchokozeka na kushikamana. Trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya damu, zikipanda, mwili huchelewa kuyeyusha damu iliyokwisha kuganda. Tena LDL hiyohiyo hujipachika kwenye ukuta wa mshipa na kujenga utando. Siku utando ule ukipasuka, plateleti hukimbilia kuziba kama vile umejikata kisu, na bonge hilo likiziba mshipa wa moyo au wa ubongo, mtu anaanguka.

Kwa hiyo omba kipimo cha mafuta ya damu chenye LDL, HDL (kolesteroli nzuri) na trigliseridi. Kama trigliseridi zako zimewahi kuwa juu, njoo umekaa bila kula kwa muda wa saa 9 hadi 12, ila maji unaweza kunywa. Mzee mmoja muuza dagaa wa Mwaloni Kirumba aliomba kuiona chupa yake baada ya kuzungushwa kwenye mashine. Juu ya damu, mahali pa maji ya manjano maangavu, palikuwa peupe kama maziwa. Akaniuliza kama sijaichanganya na ya mtu mwingine. Ilikuwa yake.

Ukipewa majibu, tazama kwanza kizio, yale maandishi yanayofuata namba. Kwa mmol/L, LDL iwe chini ya 3.0 na trigliseridi chini ya 1.7. Mwenye kisukari, au aliyewahi kupata kiharusi, daktari atataka LDL ishuke zaidi ya hapo.

Tafadhali, usijianzishie aspirini ya dukani. Huzima plateleti kwa maisha yao yote, siku 7 hadi 10, inaweza kukutoa damu tumboni, na mafuta haiyagusi. Kinachoshusha LDL ni dawa aina ya statini, ukiandikiwa na daktari. Jikoni, dagaa wa mchuzi ni wazuri kuliko sato aliyezamishwa kwenye mafuta yaliyokaangia tangu jana. Trigliseridi hupandishwa pia na soda na pombe, hata kama hugusi nyama.

Kifua kikibana, mdomo ukipinda au mkono mmoja ukilegea ghafla, usije kwetu kupima. Nenda moja kwa moja mapokezi ya dharura, Bugando au Sekou Toure, popote palipo karibu.